Elektroni Iko au Ipo? Uhakiki wa Istilahi za Mekanika ya Kwanta

Miongoni mwa miswada iliyofika mezani petu ili istilahi zake zichunguzwe, umo mmoja uliotoka Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Mtungaji wake ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Ametuomba tusimtaje jina, lakini ameturuhusu tuyajadili maandishi yake hadharani, maana anaamini kwamba makosa yake ni makosa ya wengi. Mswada umeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nao unakusudia kuwaeleza walimu wenzake na wazazi wa wanafunzi wake maana ya mekanika ya kwanta, yaani elimu ya mwenendo wa vitu vidogo mno kama atomi, elektroni na mwanga.

Mahali ulikotoka mswada huu panastahili kutajwa. Mgololo ni kijiji kilichokua kwa sababu ya karatasi. Kiwanda chake, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980 kwa makusudio ya kutoa tani 60,000 kwa mwaka, kilijengwa ili misonobari ya Sao Hill igeuzwe karatasi hapa hapa nchini badala ya kuagizwa kutoka nje. Baadaye kiwanda kiliingia mikononi mwa watu binafsi, na leo kinajulikana zaidi kwa karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na maboksi. Mtungaji anaeleza katika dibaji kwamba wazazi wengi wa wanafunzi wake hufanya kazi mitamboni, nao humwuliza maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo sababu ya mswada wake, na kwa maoni yetu ni sababu njema kuliko nyingi tunazoletewa.

Tutaanza na sifa, kwa kuwa zipo. Mtungaji hakuridhika kulipokea neno kwanta na kuliacha lisimame peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ni "kiasi gani". Ili kulieleza amekwenda sokoni. Anasema kwamba muuza nafaka wa zamani hakupima unga punje kwa punje, bali kwa kibaba; aliyetaka kidogo alichukua kibaba kimoja, aliyetaka zaidi alichukua viwili, na vinne vikawa pishi. Mwaka 1900 Max Planck wa Ujerumani aligundua kwamba hesabu za joto na mwanga hazikubaliani na vipimo mpaka idhaniwe kwamba nishati nayo hutolewa na kupokewa kwa vibaba. Mfano huu ni wa kwetu, tena unaeleweka mara moja. Tungemshauri aongeze maonyo mawili tu. Kwanza, kibaba cha unga chaweza kugawanywa na mtu mwenye subira, lakini kwanta ya mwanga haigawanyiki kwa namna hiyo. Pili, kibaba cha sokoni ni kimoja kwa nafaka zote, ilhali kibaba cha mwanga hukua kadiri mitetemo ya mwanga inavyozidi, hata kile cha mwanga wa buluu kikawa kikubwa kuliko kile cha mwanga mwekundu.

Kutoka hapo matatizo yanaanza. Baadhi yake ni madogo, nayo hutokana na desturi ya kuifuata lugha ya kigeni neno kwa neno. Mathalani, mtungaji ameandika "kazi ya wimbi" mahali ambapo wanafizikia wanataja usemi wa hisabati unaobeba habari zote za elektroni. Msomaji wa Mgololo akiona "kazi ya wimbi" atauliza: kazi gani, na mshahara wake nani anaulipa? Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana mbili, nayo iliyochukuliwa siyo inayohusika. Tunapendekeza "kitendakazi cha wimbi". Vilevile ameandika "mruko wa kwanta" kwa maana ya maendeleo makubwa ya ghafula, kama maneno hayo yanavyosikika siku hizi katika hotuba na taarifa za maofisini. Katika fizikia badiliko la namna hiyo ni la ghafula kweli, lakini ni miongoni mwa mabadiliko madogo kabisa yanayojulikana. Ofisa anayeahidi kwamba wizara yake itapiga mruko wa kwanta ameahidi, bila ya kujua, jambo dogo kuliko yote. Anayetaka kusema "hatua kubwa" na aseme "hatua kubwa".

Lakini tatizo kuu la mswada, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, limo katika sentensi mbili. Katika sura ya pili mtungaji anasema: "Kabla ya kupimwa, mahali pa elektroni hapajulikani." Katika sura ya nne anasema: "Kabla ya kupimwa, elektroni haipo." Yeye amezichukua sentensi hizi kuwa zina maana moja. Hazina. Tena kila moja, kwa namna yake, inamwambia msomaji jambo ambalo wanafizikia hawajakubaliana kulisema.

Tuitazame ile ya kwanza. Kitenzi "kujulikana" chahusu elimu ya watu. Mtu akisema "mwizi hajulikani", hakuna anayedhani kwamba mwizi hakuwako. Mwizi yuko, ana jina na ana nyumba, ila sisi hatujapata habari zake. Hali kadhalika "mahali pa elektroni hapajulikani" maana yake ni kwamba mahali pako tayari, ila sisi tumefungwa macho. Huu ni msimamo mmoja wa kifizikia, nao una watu wake wakubwa. Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, waliutetea mwaka 1935 waliposema kwamba mekanika ya kwanta ni pungufu, kwa kuwa yako mambo ya kweli yasiyosemwa nayo. Mwaka 1952 David Bohm alionyesha kwa hesabu kamili kwamba yawezekana kuipa kila chembe mahali pake wakati wote, na bado majibu ya majaribio yakabaki yale yale.

Sentensi ya pili ni nzito zaidi. Kiambishi -po, kama kila mwalimu wa sarufi ajuavyo, hubeba mizigo miwili. Kwanza huonyesha mahali mahsusi: "kitabu kipo hapa". Pili huonyesha kuwako kwenyewe: "haki ipo", "Mungu yupo". Kwa hiyo msomaji akikuta "elektroni haipo" ataelewa kwamba elektroni si kitu mpaka itazamwe, na kwamba jicho la mtu ndilo linaloiumba. Hayo hayakusemwa na wanafizikia mashuhuri wa fani hii. Niels Bohr wa Denmark, ambaye maneno ya namna hiyo hubandikwa jina lake mara kwa mara, alisema jambo lililo tofauti: kwamba sifa kama mahali au mwendo haina maana mahsusi mpaka zitajwe pia hali za chombo kinachoipima. Elektroni haikukanushwa, kilichokanushwa ni umahsusi wa mahali pake.

Hapa ndipo tunapomlaumu mtungaji kwa upole, si kwa kutojua fizikia, bali kwa kutoitumia lugha aliyo nayo. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: -po kwa mahali mahsusi, -ko kwa mahali pasipo mahsusi, na -mo kwa ndani. Mtoto akitafutwa, anayeuliza husema, "Yuko wapi?" Anayemwona hujibu, "Yupo hapa." Swali hutumia -ko, jibu hutumia -po. Lugha nyingi hazina tofauti hii ndani ya kitenzi chenyewe, nazo hulazimika kuieleza kwa maneno mengi. Mtungaji angeandika, "Kabla ya kupimwa elektroni iko, lakini haina mahali mahsusi ambapo ndipo ilipo, baada ya kupimwa, ipo pale ilipoonekana," angekuwa amesema kwa ufasaha yale ambayo wafuasi wa Bohr wamekuwa wakiyasema kwa taabu kwa karibu karne moja.

Tuharakishe, hata hivyo, kuonya. Wako wenzetu ambao wakisikia habari hii watapiga makofi na kudai kwamba mababu zetu waliijua mekanika ya kwanta kabla ya Wazungu. La hasha. Anayeuliza "yuko wapi?" hutumia -ko kwa sababu yeye hajui, wala si kwa sababu mtoto hana mahali. Sarufi yetu haiamui kati ya Einstein na Bohr. Inachotupa ni zana: inatuwezesha kutenga kuwako na kuwa mahali mahsusi, mambo ambayo mtungaji aliyachanganya. Zana si ushahidi. Jembe halithibitishi kwamba shamba ni lako.

Yafaa tueleze kwamba mkanganyiko huu wa maneno haukuanzia Mgololo. Mwaka 1927 Werner Heisenberg alitoa kwa Kijerumani makala yake maarufu, yaliyoonyesha kwamba hatuwezi kupata kwa pamoja usahihi wa mwisho wa mahali pa chembe na momenta yake, yaani tungamo lake kuzidisha mwendo wake. Katika makala hayo alitumia zaidi ya neno moja: neno la kukosekana kwa usahihi, neno la kukosekana kwa umahsusi, na katika nyongeza aliyoiweka mwishoni likatokea pia neno la kukosa hakika. Maneno hayo si ndugu wa tumbo moja. La kwanza lahusu kipimo, la pili lahusu kitu chenyewe, la tatu lahusu akili ya mtu anayejua. Kiingereza kilizoea lile la tatu, nasi tulipofika tukalikuta mlangoni, tukalichukua bila ya kuuliza wenziwe wako wapi. Ndiyo maana katika mswada huu, na katika maandishi mengine tuliyoyaona, tunasoma "kanuni ya kutokuwa na uhakika". Msomaji atadhani kanuni yenyewe ndiyo isiyo na uhakika! Kumbe ni miongoni mwa kanuni zilizo thabiti kabisa katika sayansi yote.

Tufanye nini basi? Wako waliopendekeza "kutobainika". Tumelipima neno hilo na hatukuridhika nalo, kwa kuwa katika magazeti "chanzo cha moto hakijabainika" maana yake ni kwamba chanzo kipo na polisi wanaendelea kukitafuta. Tungerudi pale pale kwa mwizi asiyejulikana. "Kutokuwa na umahsusi" nako kungekuwa kumhukumu Bohm kabla hajasikilizwa. Kwa maoni yetu istilahi ya kanuni sharti iseme yale tu ambayo pande zote zinakubali, na ambayo majaribio yameyaonyesha. Jambo hilo ni hili: ukizitayarisha elektroni nyingi kwa namna moja, ukapima mahali pa baadhi yake na momenta ya nyinginezo, majibu yatatawanyika, na kadiri unavyoupunguza mtawanyiko wa mahali, ndivyo mtawanyiko wa momenta unavyozidi, wala zao lake halishuki chini ya mpaka uliowekwa na namba ya Planck. Neno "mtawanyiko" halisemi kama mahali palikuwapo kabla ya kipimo au hapakuwapo. Linasema yaliyoonekana. Kwa hiyo tunapendekeza "kanuni ya mitawanyiko ya Heisenberg".

Huo ndio msingi ambao tungependa watafsiri wote wauzingatie. Istilahi ibebe yale yaliyokubaliwa. Rai za wataalamu zibebwe na vitenzi, na mwenye rai atajwe. Anayeeleza maoni ya Einstein na aandike "hapajulikani". Anayeeleza maoni ya Bohr na aandike "hapana mahali mahsusi". Anayeeleza maoni ya Hugh Everett ya mwaka 1957, kwamba majibu yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, na aandike hivyo, na asiyachanganye na maneno ya wengine. Mfasiri si hakimu wa kesi hii. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila shahidi amesikika kwa sauti yake mwenyewe.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hizi si maneno matupu. Zingekuwa maneno matupu kama maumbile yasingeweza kuulizwa. Lakini mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alithibitisha kwamba kama kila chembe ina majibu yake tayari, na kama hakuna athari inayovuka umbali kwa ghafula, basi hesabu za majaribio fulani haziwezi kuzidi kiasi fulani. Majaribio yakafanywa. Aliyoyafanya Alain Aspect pamoja na wenzake nchini Ufaransa, na kutangazwa mwaka 1982, yalionyesha kwamba kiasi hicho huzidiwa. Mwaka 2022 Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo anayeandika "hapajulikani", akikusudia kwamba kila kitu kina majibu yake mfukoni na hakuna athari ya mbali, ameandika jambo ambalo majaribio yamelikataa. Anayetaka kulishika neno hilo anaweza, kama Bohm alivyoweza, lakini sharti alipe bei yake, nayo ni kukubali athari zisizojali umbali. Kuchagua kitenzi kumekuwa na gharama.

Kuhusu jambo hilo la chembe mbili zilizokutana na kisha zikatengana, zikabaki na habari moja isiyogawanyika, Erwin Schrödinger alilipa jina mwaka 1935. Mtungaji wetu ameliita "mnaso", kama mnyama aliyenaswa mtegoni. Hatulipendi neno hilo, kwa kuwa mtegoni yuko mtegaji. Kiswahili kina mnyambuliko wa -mana, unaopatikana katika "shikamana" na "fungamana", ambao hauna mtenda wala mtendwa; wote wawili wako katika hali moja. "Mfungamano" ndilo neno linalofaa. Ni kweli kwamba limezoeleka katika mambo ya jamii na siasa, lakini muktadha utalitenga.

Sasa tufike kwenye neno ambalo kila mtu hudhani analijua: kupima. Katika maisha yetu ya kila siku, kupima ni kukuta kilichokuwamo. Mama akimpeleka mtoto zahanati kupimwa malaria, vijidudu kama vimo vilikuwamo tangu nyumbani. Muuguzi hakuvileta kwa kioo chake. Kwa hiyo mtungaji anapoandika "kupima" bila ya maelezo, anaingiza rai ya Einstein kwa mlango wa nyuma. Hatusemi neno lifukuzwe. Halina badala. Lakini lielezwe mara ya kwanza linapotumiwa, kwamba katika elimu hii kupima ni kukutanisha kitu na chombo kwa namna inayoacha alama ya kudumu, na kwamba ni suala la mjadala kama jibu lilikuwamo kabla ya hapo.

Kubaya zaidi ni "mtazamaji". Mswada unasema: "Elektroni hubadili tabia inapojua kwamba inatazamwa." Elektroni haijui kitu. Kitenzi "tazamwa" kinadai mtu mwenye macho, na mtu mwenye macho huleta akili, na akili huleta roho, na baada ya kurasa mbili msomaji ameondoka katika fizikia. Bamba la picha lililoachwa katika chumba kitupu hutosha. Hapana mtu anayehitajika. Tunapendekeza "chombo cha kupimia" mahali popote ambapo Kiingereza kimesema "mtazamaji", na "kuonekana" au "kuacha alama" mahali pa "kutazamwa".

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu lina madhara nje ya madarasa. Tulipokwenda Mgololo kuzungumza na mtungaji, mzazi mmoja alitueleza kwamba alikuwa amelipa fedha nyingi katika mji mmoja, jina lake halina haja, ili apimwe mwili mzima kwa chombo kilichoitwa cha kwanta. Alishika fimbo ya chuma mkononi kwa dakika chache, akaandikiwa orodha ndefu ya maradhi ya ini, figo na mifupa, kisha akauziwa dawa za maradhi hayo hayo. Tulimwuliza nini kilichomfanya aamini. Akajibu: "Mwalimu aliniambia kwamba kwanta huona visivyoonekana." Mwalimu alikuwa amekaa pembeni yetu. Aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba maneno hayo ni yake, ameyatumia miaka mingi darasani kwa nia njema.

Hatukutaja kisa hiki ili kumwaibisha mtu. Tumekitaja kwa sababu kinaonyesha istilahi inavyofanya kazi pale isipofafanuliwa. Neno lisiloeleweka huwa ni kontena lililofungwa. Mwenye duka hutia ndani anachotaka na kuuza kwa bei anayotaka. Chombo halali cha hospitali kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku hutegemea kweli kweli mekanika ya kwanta, na eksirei kadhalika. Lakini mzazi yule hakuwa na maneno ya kumsaidia kutenga hiki na kile. Kwake yote yalikuwa kwanta, na kwanta ilikuwa ni muujiza wenye nembo ya sayansi.

Dawa yake imo ndani ya mswada wenyewe, katika sura ya tano, ambayo ndiyo bora kuliko zote. Mtungaji anaeleza namna viwanda vingi vya karatasi duniani vinavyopima uzito wa karatasi inapopita kwa kasi mtamboni. Upande mmoja huwekwa chanzo cha miale ya beta, mathalani kriptoni-85, na upande wa pili huwekwa kihesabio. Karatasi ikiwa nzito, miale mingi huzuiwa. Ikiwa nyepesi, mingi hupita. Kila mwale ni atomi moja iliyovunjika kiini chake. Hakuna anayeweza kusema ni atomi ipi itakayofuata, wala ni lini. Pamoja na hayo, baada ya karibu miaka 11 nusu ya atomi zote zitakuwa zimevunjika, nusu kamili kwa kadiri ya vipimo vyetu. Ukihesabu miale 100, hesabu inayofuata yaweza kutofautiana nayo kwa kiasi cha 10. Ukihesabu 10,000, tofauti ni kiasi cha 100 tu, yaani sehemu moja katika mia. Ndivyo kisichotabirika kwa mmoja kinavyokuwa thabiti kwa wengi, na karatasi ikatoka na uzito unaotakiwa. Mzazi anayefanya kazi mitamboni akisoma sura hii hataona muujiza. Ataona kipimo chenye mipaka inayojulikana, na akikutana na fimbo ya chuma atauliza: inahesabu nini?

Hata hapo tuna sahihisho moja. Mtungaji ametumia "uwezekano" kwa maana mbili: kwamba jambo laweza kutokea, na kwa kiasi gani laweza kutokea. Atomi zote zina uwezekano wa kuvunjika. Hilo halitufikishi popote. Max Born alipotoa mwaka 1926 kanuni ya kuusoma wimbi, alizungumzia kiasi. Tunapendekeza "kadiri ya uwezekano" panapokusudiwa namba, na "uwezekano" peke yake panapokusudiwa kwamba jambo halizuiliki. Na "bahati nasibu", iliyotumiwa mara moja, iondolewe. Bahati nasibu ina mwandaaji na tikiti.

Yako mengine ambayo hatukuyapatia jawabu. Kiingereza husema kwamba kitendakazi cha wimbi "huporomoka" kinapopimwa, naye mtungaji amefuata. Kuporomoka ni kwa ukuta na kwa kingo za mto. Kuna kishindo na vumbi. Kwa baadhi ya wataalamu hilo ni tukio la kweli, kwa wengine ni marekebisho ya hesabu tu, na kwa wafuasi wa Everett halitokei kamwe. Kwa sasa tunashauri lielezwe kwa sentensi, "kitendakazi huandikwa upya kulingana na jibu la kipimo", mpaka litakapopatikana neno lisiloegemea upande.

Utaratibu wetu wa kutafuta istilahi unajulikana: kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Mara nyingi utaratibu huo huchukuliwa kuwa ni kutafuta nomino. Mswada wa Mgololo umetufundisha kwamba katika fani hii hazina yetu kubwa haimo katika nomino, bali katika kitenzi: katika -po na -ko, katika -ik- na -w-, katika -mana. Nomino kama kwanta, elektroni na fotoni tunaweza kuzipokea kutoka popote bila ya hasara. Kitenzi hatuna ruhusa ya kukiazima.

Fizikia ya sekondari nchini Tanzania bado hufundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, mwana wa Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa hadi leo dhidi ya mabadiliko hayo ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi ya juu. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, ikiwa ni miaka 100 tangu Heisenberg aanze kuijenga mekanika hiyo. Bohr alisisitiza maisha yake yote kwamba matokeo ya majaribio sharti yaelezwe kwa lugha ya kawaida, hata kama hesabu zake si za kawaida. Lugha ya kawaida ya Mgololo si Kiingereza.

Tunamrudishia mtungaji mswada wake pamoja na mapendekezo haya, tukimtaka aufanyie marekebisho na auchapishe: kitendakazi cha wimbi, kanuni ya mitawanyiko, mfungamano, chombo cha kupimia, kadiri ya uwezekano. Katika sura ya nne, sentensi "elektroni haipo" ifutwe, na mahali pake iandikwe "elektroni iko". Watafsiri na walimu walio na maoni tofauti, hasa juu ya neno la kushika mahali pa "kuporomoka", wanaombwa watuandikie kabla ya kikao kijacho cha usanifishaji.